Nilivyochagua mfumo wa faili wa simu ya mjomba

Mjomba wangu huuza viungo Marikiti, na madeni ya wateja wake huyaandika kwenye simu. Ni simu ya zamani, hifadhi yake GB 16, na kampuni iliyoitengeneza iliacha kuiletea masasisho kitambo. Programu zilipoanza kuikataa moja baada ya nyingine, nikajitolea kuijengea Android mpya zaidi kutokana na LineageOS, Android inayotengenezwa na watu wa kujitolea. Aliponikabidhi akaniambia, "Mwanangu, simu chukua, lakini madeni yangu yasipotee."

Kamera, mtandao na skrini vilinila jioni nyingi chumbani kwangu Majengo, na hayo sitayaeleza. Lililonikaa kichwani ni sehemu ya data, pale zinapokaa meseji, picha na yale madeni: niiformati kwa ext4 au kwa F2FS? Hiyo ni mifumo ya faili, yaani namna za kupanga na kutunza data kwenye hifadhi.

Nilianza na F2FS, na sababu nilikuwa nayo. Simu za kwanza za Android zilitumia mfumo mwingine, YAFFS2, maana chipu zao za fleshi, yaani za kuhifadhi data, hazikuwa na kidhibiti cha kuzisimamia ndani. Zilipoenea chipu za eMMC, ambazo kidhibiti chake huzifanya zionekane kama diski ya kawaida, Android ikahamia ext4, kuanzia Nexus S ya mwaka 2010. Lakini ext4 ni mzawa wa diski za kuzunguka. F2FS ilibuniwa Samsung kwa ajili ya fleshi yenyewe. Fleshi haiwezi kuandika juu ya kilichopo mpaka ifute kipande kizima, kwa hiyo F2FS haihangaiki kurudi palepale, huandika mbele kwa mfululizo. Na kweli simu ilichangamka. Meseji zilizokuwa zikikungojesha zikafunguka papo hapo.

Shida ilikuwa betri. Mjomba anakaa Likoni, na mara nyingi simu ilimzimikia ghafla ndani ya feri ilhali inaonyesha asilimia 20. Tulitafuta betri mpya hadi Mwembe Tayari, tukapata zilizochoka kama yake. Basi nikaandika programu ndogo ya kuingiza rekodi kwenye hifadhidata bila kusita na kuhesabu kila rekodi iliyothibitishwa kwamba imeshaandikwa. Ikiwa katikati ya kazi, nachomoa betri. Nairudisha, nawasha, nakagua. Nilipanga kufanya hivyo mara 20.

Mara ya 13 simu ilikwama kwenye nembo. Niliikarabati data kwa fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, simu ikawaka, lakini rekodi kadhaa zilizokuwa zimethibitishwa hazikuwemo. Nilitishika sana. Kila rekodi pale niliiona kama jina la mteja.

Ndipo nikatazama tarehe, jambo nililopaswa kulianzia. Keneli ya simu hii, yaani kiini cha Linux kinachoendesha Android, ni toleo la 3.10, na siwezi kuibadilisha kwa sababu draiva za kiwandani, programu zinazoendesha vifaa vyake, hazikubali nyingine. F2FS iliingia Linux kwenye toleo la 3.8, Februari 2013, 3.10 ikatoka Juni mwaka huohuo. Yaani niliyokuwa nikiitumia ni F2FS ya miezi minne, bila marekebisho ya miaka iliyofuata. Nilijaribu usiku mbili kuyaingiza kwenye keneli hii ya zamani, lakini yameshikana na sehemu za keneli ambazo nazo zimebadilika. Ext4 ilikuwa imekomaa tangu 2.6.28, mwishoni mwa 2008. Kwenye keneli mpya ningechagua F2FS bila kusita. Kwenye hii, hapana.

Nikaformati upya kwa ext4. Ukifanya hivi, kumbuka kuacha baiti 16,384 mwishoni mwa sehemu ya data kama simu yako huweka hapo taarifa za usimbaji, yaani kuifunga data kwa msimbo. Mimi nilisahau, usimbaji ukagoma mpaka nilipoandika length=-16384 kwenye fstab, faili linaloieleza simu jinsi ya kufungua sehemu zake za hifadhi.

Nikachomoa betri mara 20 nyingine. Kila mara ext4 ilisoma jarida lake, yaani kumbukumbu yake ya mabadiliko, ikajinyoosha, na kila rekodi iliyothibitishwa ilikuwepo. Kasi ilishuka kidogo. Niliongeza noatime, ili simu isiandike saa kila faili linaposomwa, nikamwomba mjomba aiache kwenye chaji usiku ili Android ipate nafasi ya kuifahamisha chipu vipande visivyotumika.

Nikamrudishia madeni yake niliyokuwa nimeyahifadhi kwenye kompyuta, nikampelekea simu kibandani. Alishuka kwa kidole hadi jina la mwisho, akalisoma kwa sauti na kiasi chake, akaitia simu mfukoni, akaendelea kupima iliki.