Pawa saplai mbili kwenye kompyuta moja: nilivyofanya mimi

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi hapa Dar es Salaam. Sendofu, kichenpati, ndoa yenyewe, vyote napokea. Msimu ukichanganya, wikiendi moja inaniletea shughuli tatu, na kila mwenye shughuli anataka video yake kabla fungate haijaisha.

Kompyuta yangu ni ya mezani, mtumba wa ofisini ulioshuka na kontena kutoka Ulaya. Prosesa ni Core i7-4790, RAM gigabaiti 16. Kwa kukata na kuunga vipande inatosha kabisa. Lakini nahariri kwa DaVinci Resolve, na programu hiyo mzigo mkubwa inautupia kadi ya grafiki. Kwa ile ndogo iliyomo ndani ya prosesa, nikigusa tu rangi za gauni la bibi harusi, picha inaanza kukwama. Nilijibana miezi kadhaa nikanunua GeForce GTX 1070 iliyotumika, yenye gigabaiti 8, kwa kijana aliyekuwa anauza mashine yake ya gemu kipande kimoja kimoja. Ndani ya daladala niliipakata njia nzima.

Shida ilianza nilipofungua kasha. Kadi ile inakula mpaka wati 150. Nafasi ya kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, inayopachikwa kadi inatoa wati 75 kwa juu kabisa, zinazobaki lazima zije na waya wake, kupitia konekta ya pini 8. Pawa saplai yangu, lile boksi linalogeuza umeme wa ukutani kuwa wa kompyuta, ilikuwa ya wati 290, na waya wa namna hiyo haukuwepo hata mmoja. Nikasema basi, nanunua pawa saplai kubwa nabadilisha, yameisha. Hayakuisha. Mashine nyingi hizi za ofisini hazifuati ATX, ule mtindo wa kawaida wa pawa saplai na mazabodi za mezani. Pawa saplai ya kawaida ina plagi ya pini 24 ya kuingia kwenye mazabodi, lakini mazabodi yangu inataka plagi ya pini 8, na volti 5 za diski inazitengeneza yenyewe. Adapta ya kugeuza zipo. Nilizunguka Kariakoo siku mbili naitafuta, sikuipata.

Badala yake niliuziwa waya mwingine: upande mmoja plagi ya SATA, ile ya umeme wa diski, upande wa pili pini 8 za kadi. Nikachomeka. Kompyuta ikawaka, kadi ikaonekana, nikaanza kurenda, yaani kuiacha kompyuta itoe video iliyokamilika, kipande cha maharusi wanaingia ukumbini. Hazikupita dakika kumi na tano nikasikia harufu ya plastiki. Kufungua, plagi ya SATA imelainika kama ubani mdomoni, na waya wa njano umegeuka kahawia karibu na pini. Hesabu yake niliifanya baadaye, na ilibidi niifanye kabla. Plagi ya SATA ina pini 3 za volti 12, kila moja inabeba ampea 1.5. Jumla ampea 4.5, yaani wati 54. Konekta ya pini 8 inaruhusiwa kuvuta wati 150. Waya huo tafadhali usiununue, na ukipewa bure usiuchomeke.

Nyumbani nilikuwa na pawa saplai nyingine, ATX ya wati 500, imetoka kwenye kompyuta iliyokufa mazabodi. Hiyo ilikuwa na waya halali wa kadi ya grafiki. Ndipo nikapata wazo: ile ya kwanza iendelee kulisha mazabodi, prosesa na diski, na hii ya pili iwe ya kadi peke yake.

Pawa saplai ya ATX ukiichomeka ukutani haiwaki hivi hivi, inasubiri amri ya mazabodi. Amri yenyewe inapita kwenye waya wa kijani, wa pekee kwenye ile plagi ya pini 24. Waya huo ukiguswa na mweusi, pawa saplai inaamka. Nikachukua pini ya kubania karatasi, nikaikunja, nikaunganisha kijani na nyeusi. Feni ikazunguka. Siku ile nilirenda mpaka usiku na kadi ikafanya kazi vizuri.

Lakini kila asubuhi ilibidi nikumbuke kuwasha swichi ya ile ya pili kwanza, ndipo nibonyeze kompyuta. Nikisahau, kioo kinaniletea maandishi ya kunitaka nizime na kuchomeka waya wa umeme wa kadi. Na nikizima kompyuta, ile ya pili inabaki inaunguruma. Usiku mmoja niliamka kunywa maji nikakuta feni za kadi zinazunguka gizani, kompyuta yenyewe imezimwa tangu saa tatu. Kadi ina umeme, mazabodi haina. Pale nilijua nahitaji mtu anayeelewa.

Nilibeba kila kitu, mpaka ekstensheni yangu, nikampelekea mzee mmoja fundi redio jirani na kwetu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umehama nyumba?"

Nikamweleza. Hakugusa ule waya wa kijani kwanza. Alichomeka kompyuta kwenye soketi yake ya ukutani, pawa saplai ya pili kwenye ekstensheni yangu, waya wa kadi akauacha haujaunganishwa. Kisha akachukua mita, ncha moja kwenye bati la kompyuta, nyingine kwenye bati la pawa saplai. Mita ikasoma volti 110.

"Unaona? Hawa wawili hawajasalimiana, na wewe unataka washikane mikono."

Akafungua ekstensheni kwa bisibisi. Tundu tatu ilikuwa nazo, lakini ndani nyaya zilikuwa mbili tu, ethi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini, haikuwemo. Pawa saplai isiyo na ethi, vile vichungi vyake vya kuingilia umeme vinaliacha bati likielea karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo ile hali ya kuwashwa vidole ukigusa bati la kompyuta. Nilikuwa naisikia miaka yote nikidhani ndivyo kompyuta zilivyo. Mzee akafunga waya mpya wa nyuzi tatu, akapima tena. Sifuri. Mimi naona hiki ndicho kipimo cha kwanza kwa yeyote anayetaka kuweka pawa saplai mbili, na watu wengi wanakiruka.

Halafu akanituma dukani kwa vipuri vya magari nikanunue rilei ya taa, yaani swichi inayowashwa na umeme wenyewe, ya volti 12, yenye miguu minne. "Usiiamshe ya pili kwa mkono. Mwache wa kwanza amwamshe mwenzake."

Rilei ya gari ina namba chini ya miguu: 85 na 86 ni koili, 30 na 87 ni swichi. Kwenye plagi moja ya SATA ya kompyuta alitoa waya wa njano, yaani volti 12, akaupeleka 86, na mweusi akaupeleka 85. Mzigo wake haukaribii ule uliochoma plagi yangu, maana koili inavuta robo ya ampea haifiki. Juu ya miguu hiyo miwili akachomelea dayodi ya 1N4007, kijidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ule mstari wake mweupe ukiwa upande wa njano, ili koili ikizimika ule mshtuko wake usirudi kwenye mazabodi. Waya wa kijani wa pawa saplai ya pili akaufunga kwenye 30, na mweusi wake kwenye 87. Akavalisha kila mguu mpira wa kuhami.

Nikabonyeza kitufe cha kompyuta. Tik! Feni mbili zikaanza pamoja. Nikazima: tik, zote kimya. Nikailaza kompyuta bila kuizima, na ya pili nayo ikalala. Nilibonyeza labda mara kumi, mzee akaniacha tu nibonyeze.

Kabla sijaondoka aliongeza waya mweusi mnene kutoka bati la moja kwenda bati la nyingine, akanionyesha kwa kidole: nyeusi na nyeusi ziungane, njano na njano zisigusane kamwe. Kila pawa saplai inajitahidi kushikilia volti 12 zake. Moja ikiwa na 12.1 na nyingine 11.9, ukiziunganisha zitavutana mpaka mojawapo ichoke. Kwenye kadi yangu umeme wa mazabodi na umeme wa pini 8 unaingia kwa milango tofauti, kwa hiyo hazipambani.

Jambo moja niliona mwenyewe nyumbani. Wakati wa kurenda nilipima volti 12 za ile ya pili nikakuta 11.5. Kipimo cha ATX kinaruhusu kushuka mpaka 11.4, nikawa na wasiwasi. Pawa saplai za zamani nyingi zinasimamia volti 5 na volti 12 kwa pamoja, na upande wa 5 ukiwa hauna mzigo kabisa, upande wa 12 unalegea. Nikachomeka diski kuukuu isiyosomeka tena, izunguke tu. Ikapanda mpaka 11.8 na imebaki hapo.

Kosa langu la mwisho lilikuwa UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika. Kompyuta ilikuwa kwenye UPS, pawa saplai ya pili nikaiacha ukutani, nikidhani nailinda betri. Jioni moja umeme ukakatika. UPS ikashika, mazabodi ikabaki hai, kadi ikafa katikati ya kazi. Kioo kikawa cheusi na saa tatu za kurenda zikapotea, video ya watu wanaoisubiri. Sasa zote mbili ziko kwenye UPS moja. Ile ya VA 650 ilipiga kelele ya kuzidiwa, nikaongeza hela nikachukua ya 1200.

Pawa saplai ya pili inakaa pembeni ya kasha, ndani ya sanduku la mbao lenye matundu pande mbili, na waya wa kadi unapita kwenye kijitundu cha nyuma nilichoondoa kibati. Nikitaka kufungua kompyuta nachomoa plagi mbili, sitegemei swichi. Pawa saplai zenyewe sizifungui kabisa, kapasita la ndani linabeba zaidi ya volti 300 na linaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa.

Mwezi uliopita mdogo wangu alichomoa plagi moja ili achaji simu, nikiwa nimeanza kuweka rangi. Sasa plagi zote mbili nimezifunga pamoja kwa selotepu nyekundu, na simu yake ina soketi yake kule mlangoni.