Nepal mara ya pili, na safari hii nimeanza na siku za kukaa

Mwaka juzi nilienda Nepal na siku kumi na mbili za likizo, na akilini nilikuwa na kitu kimoja tu, kambi ya Everest, ile ya mita 5,364. Ratiba niliipanga kwa kuhesabu umbali, leo tulale hapa kesho pale, hakuna hata siku moja iliyobaki wazi. Ndege ya kwenda Lukla, kijiji kinakoanzia safari ya miguu, haikuruka siku mbili mfululizo sababu ya mawingu, manake ule uwanja uko kama mita 2,845 kwenye bega la mlima, njia yake ina mita 527 tu na imepanda kama kilima, rubani lazima aione kwa macho yake, mawingu yakishuka hakuna cha kufanya zaidi ya kusubiri. Basi zile siku mbili tukazifidia kwa kukata siku ya kupumzika pale Namche, mji wa njiani. Tulipofika Lobuche, zaidi ya mita 4,900, kichwa kinagonga, nimetapika mpaka chai, kufunga kamba za buti tu imekuwa kazi, na muongozaji wetu hakutaka mjadala, alinishusha jioni ileile mpaka Pheriche. Asubuhi nilikuwa na nafuu kubwa lakini siku zilikuwa zimeisha, na Kathmandu yenyewe niliiona kupitia dirisha la teksi nikikimbilia uwanja wa ndege.

Hilo la Kathmandu ndo liliniuma kuliko hata kutofika kambini.

Sasa narudi, na dada yangu, tuna wiki tatu, na safari hii tumeanza kupanga kinyume kabisa. Kwanza tumeandika siku za kukaa, yaani siku ambazo hatuendi popote, halafu ndo tukajaza siku za kutembea katikati yake. Wengi mmeniuliza mbona sirudi Everest kumalizia, kwa hiyo naeleza hapa kwa urefu.

Nianze na mwinuko manake watu wanauchukulia kama suala la mazoezi na sio. Hewa ya juu ina oksijeni kwa asilimia ileile ya pwani, kinachopungua ni mgandamizo, ukifika kama mita 5,500 umebaki karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inakuletea nusu ya ulichozoea. Mwili unaweza kuzoea, ila unataka muda na hauharakishwi na misuli, mkimbiaji wa marathoni anaweza kuzidiwa na mtu mzima anayetembea polepole akapita salama. Kanuni wanayoifuata madaktari wa milimani ni hii, ukishavuka mita 3,000 usipandishe mahali pa KULALA zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne lala usiku mwingine palepale. Mchana unaweza kupanda juu zaidi ukaona mandhari ukarudi, kinachohesabiwa ni kitanda kiko wapi. Kuna vidonge vya acetazolamide ambavyo vinausaidia mwili kuzoea, ongea na daktari wako kabla, hasa kama una mzio wa dawa za salfa, ila ukishaanza kutapika au kuyumba au kukosa pumzi hata umekaa, dawa ya kweli ni kushuka, usiku au mchana.

Ndo maana tumechagua Langtang. Bonde liko kaskazini ya Kathmandu karibu na mpaka wa Tibet, huhitaji ndege, unapanda basi au jipu mpaka Syabrubesi, safari ya kutwa nzima barabara mbovu, lakini mawingu hayakuibii siku mbili. Watu wengi wanafika Kyanjin Gompa kwa siku tatu za kutembea, wanalala Lama Hotel (ni jina la kijiji) kwenye mita kama 2,400 halafu kesho yake wanaruka mpaka kijiji cha Langtang, 3,430, mita elfu moja kwa siku moja, hapo ndo wengi wanaanza kuumwa kichwa. Sisi tunaikata ile siku katikati, tunalala Ghodatabela kwenye kama mita 3,000, halafu Langtang usiku mmoja, halafu Kyanjin, mita 3,870, usiku TATU. Muongozaji tuliyeongea naye alishangaa kidogo, akasema wageni wengi hawakai hivyo, nikamwambia sisi tutakaa.

Na cha kufanya kipo tele. Kuna kilele cha Kyanjin Ri hapohapo juu ya kijiji, karibu mita 4,800, unapanda asubuhi unarudi kula mchana. Kuna Tserko Ri inayokaribia 5,000, hiyo tutaijaribu siku ya mwisho kama wote tuko sawa, na kama hatuko sawa hatuendi, tumeshakubaliana. Kuna kiwanda kidogo cha jibini kilichoanzishwa kwa msaada wa Waswisi miaka ya 1950, jibini ya maziwa ya yak, ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu (wenyeji watakwambia yak ni dume, jike anaitwa nak, kwa hiyo maziwa ni ya nak). Na kuna watu, ambao kwenye ratiba yangu ya kwanza hawakuwa na nafasi kabisa.

Kijiji cha Langtang nataka tulale pale kwa sababu nyingine. Tarehe 25 Aprili 2015 lile tetemeko la ukubwa wa 7.8 lilipopiga, barafu na mawe viliporomoka kutoka milima ya juu na kukifunika kijiji chote kwa dakika chache, watu zaidi ya 200 walikufa, wenyeji na wageni waliokuwa njiani. Nepal nzima walikufa karibu 9,000. Waliobaki walirudi, wakajenga upya pembeni kidogo juu ya lile jaa la mawe, na leo njia ya wageni inapita juu ya kijiji cha zamani. Unatembea juu ya nyumba za watu. Kuna ukuta wa kumbukumbu wenye majina. Sitaki kupita pale mbiombio naangalia saa, nataka tusimame, tununue chai kwa mtu, tulale kwenye gesti ya familia iliyorudi, pesa ibaki palepale.

Njiani utakutana na kuta ndefu za mawe yaliyochongwa sala, zinaitwa mani. Pita upande wa kushoto wake, yaani ukuta uwe mkono wako wa kulia, na stupa, yale majengo ya ibada ya Wabuddha, hivyohivyo, unazunguka kama mshale wa saa. Mara ya kwanza sikuwa najua, nilikuwa napita popote, mzee mmoja alinishika mkono taratibu akanionyesha njia bila neno, bado namkumbuka.

Kuhusu muda. Oktoba na Novemba ndo msimu mzuri, mvua za masika ya kule zinakuwa zimeisha na anga liko safi, Machi mpaka Mei pia ni vizuri na maua ya laligurans yanakuwa mekundu msituni. Lakini msimu wa Oktoba una kitu ambacho mtu akikisahau ataumia, nacho ni Dashain, sikukuu yao kubwa kuliko zote, siku kumi na tano, inaangukia Septemba au Oktoba kufuatana na mwandamo wa mwezi. Kila mtu anarudi kwao, mabasi yanajaa, maofisi yanafungwa, wapagazi na waongozaji nao wanataka kuwa na mama zao na wana haki hiyo. Baada ya Dashain, kama wiki mbili hivi, inakuja Tihar, siku tano za taa. Basi sisi tunatua Dashain ikiwa imeisha, tunapanda Langtang, tunashuka Tihar ikianza. Siku ya kwanza ya Tihar ni ya kunguru, ya pili ni ya mbwa, kila mbwa hata wa mtaani anavishwa shada la maua na kupakwa rangi nyekundu kwenye paji la uso, halafu inakuja ya Lakshmi ambapo nyumba zote zinawashwa taa, na ya mwisho dada anampaka kaka yake tika, alama ya rangi kwenye paji la uso. Hiyo ya mbwa dada yangu anaisubiri kuliko mlima.

Bonde la Kathmandu tumelipa siku sita. Maeneo saba yake yako kwenye urithi wa dunia tangu 1979, na ukitaka kuyamaliza kwa siku moja unaweza, na hutakumbuka hata moja. Tutakaa Bhaktapur badala ya Thamel, ule mtaa wa watalii wa Kathmandu, ni kilomita kama 13 kutoka Kathmandu, mji wa Wanewari, wenyeji wa bonde hilo, matofali na mbao za kuchonga kila kona. Hekalu la Nyatapola lina paa tano, lilijengwa 1702 na limesimama mbele ya tetemeko la 1934 na la 2015. Watalii wa siku moja wakishaondoka jioni mji unabaki wa wenyewe, wafinyanzi wanakusanya vyungu vyao, na kuna mtindi unaitwa juju dhau, mtindi wa mfalme, unauzwa kwenye bakuli za udongo. Kwenye stupa kubwa ya Boudhanath tutaenda jioni kuzunguka na watu wa Tibet wanapomaliza kazi zao, sio saa sita mchana. Pashupatinath tutakwenda pia, hekalu kubwa lenyewe ni la Wahindu peke yao hilo tunaliheshimu, na kando ya mto Bagmati wanachoma maiti zao, kule kamera inabaki kwenye begi. Ni msiba wa mtu.

Mambo ya makaratasi harakaharaka. Viza ya siku 30 ni dola 50 unapata uwanja wa ndege, ya siku 15 ni 30, ila raia wa baadhi ya nchi kama Nigeria, Ghana, Ethiopia na Somalia wanatakiwa kuomba kabla ya kusafiri, kwa hiyo angalia ya kwako mapema. Kibali cha hifadhi ya Langtang ni rupia 3,000. Tangu Aprili 2023 kwenye njia kama ya Langtang kanuni inataka mgeni atembee na muongozaji mwenye leseni. Ukishaondoka Syabrubesi usitegemee mashine za hela, beba keshi ya kutosha na noti ndogondogo. Bima hakikisha imeandika mwinuko mpaka wapi na kwamba helikopta imo, na mtu akikusukumia helikopta kwa kichwa kinachouma kidogo uliza maswali, mwaka 2018 ulifichuka utapeli mkubwa wa uokoaji wa uongo.

Mpagazi. Tutachukua mmoja kwa ajili yetu wote wawili, na tumepima mizigo, kilo tisa tisa, jumla 18, vingine kila mtu anabeba mwenyewe. Nimewaona vijana wamebeba mabegi matatu yamefungwa pamoja na wamevaa kandambili kwenye theluji, na wageni wao wako mbele wanapiga picha. Kabla ya kulipa tumeuliza ana bima, ana jaketi na buti, analala wapi, anakula nini. Kampuni ya kwanza tuliyoiandikia haikujibu hayo maswali, tukaiacha.

Zimebaki siku mbili kwenye ratiba ambazo hatujaandika kitu, na dada anaendelea kuniuliza tuziweke wapi. Moja nataka iwe Kyanjin ya ziada kama Tserko Ri itakuwa na mawingu. Nyingine sijui, labda Bhaktapur. Bosi wake anajibu kuhusu likizo Ijumaa, akikubali tu jioni hiyohiyo tunakata tiketi.