Majivu ya taka na kiini cha yai

Moshi wa taka ukitajwa, watu hufikiria kifua na kikohozi. Ni kweli moshi huo ni mbaya kwa mapafu, lakini dioksini, kundi la sumu zinazozaliwa taka zikiungua vibaya, ina njia yake nyingine. Zaidi ya asilimia 90 ya dioksini inayotuingia mwilini hupitia chakula, hasa mafuta ya wanyama: maziwa, nyama, samaki, mayai. Kwa familia inayochoma taka uani na kufuga kuku wa kienyeji hapohapo, safari hiyo ni hatua chache tu. Moto unaacha majivu, kuku anachakura, na sumu inakaa kwenye kiini cha yai.

Hakuna kiwanda kinachotengeneza dioksini kwa kupenda. Huzaliwa yenyewe pale masizi ya moto hafifu, klorini na metali ya kuchochea, hasa shaba, vinapokutana kwenye joto la nyuzi 200 hadi 450 hivi. Kilele kiko karibu na 300. Tanuri la kisasa la taka huweka gesi zake kwenye nyuzi 850 au zaidi kwa angalau sekunde 2, kisha huzipoza haraka ili zisikawie kwenye eneo hilo la hatari. Shimo la uani hufanya kinyume kabisa: katikati panawaka, pembeni panafuka, maganda mabichi yanaupoza moto, na moshi unapoa taratibu ukipitia nyuzi zilezile zinazozaa sumu. Kumwagia mafuta ya taa hakubadilishi kitu. Moto hupanda kwa dakika chache, kisha unarudi kufuka.

Klorini inatoka wapi? Hapa kuna kosa linalorudiwa sana, la kuhesabu kila plastiki kuwa sawa. Mfuko laini, ndoo na chupa ya maji havina klorini kwenye plastiki yenyewe, ingawa moshi wake una sumu nyingine. Mwenye klorini ni PVC: mabomba ya maji, maganda ya nyaya za umeme, dari za plastiki, mabango ya matangazo, vitambaa vya meza vya plastiki, ngozi bandia ya makochi. Tafuta namba 3 ndani ya pembetatu. Kama hakuna alama, tumbukiza kipande kwenye maji. Kikielea, kwa kawaida si PVC. Kikizama huenda ni PVC, ingawa plastiki ya chupa za maji (namba 1) nayo huzama. Kuna jaribio la waya wa shaba uliopashwa moto, ambalo hutoa mwali wa kijani. Usilifanye nyumbani: kuunguza PVC juu ya shaba ndiyo namna yenyewe ya kutengeneza dioksini.

Kwa sababu hiyohiyo, kuchoma nyaya ili kupata shaba ya kuuza kwenye chuma chakavu ni kubaya kuliko shimo lolote la taka za jikoni. Klorini na kichocheo vinakuwa vimefungwa pamoja kwenye waya mmoja. Mkataba wa Stockholm, makubaliano ya kimataifa kuhusu kemikali za sumu zinazodumu, ulioanza kutumika mwaka 2004, unavitaja vyote viwili, uchomaji wa taka mahali pa wazi na uchomaji wa nyaya za shaba, kati ya vyanzo vya dioksini. Nyaya zimenywe kwa kisu. Inachosha, lakini hata shaba hutoka safi zaidi.

Kuondoa PVC hupunguza tatizo bila kulimaliza, maana chumvi ya mabaki ya chakula nayo ina klorini. Dawa ni kuunyima moto kazi. Zaidi ya nusu ya taka za nyumba nyingi za kwetu ni maganda na mabaki, na hayo yana mahali pake kwenye mboji. Tengeneza lundo la mita 1 kila upande: ndoo 3 za majani makavu kwa ndoo 1 ya taka za jikoni, kwa tabaka. Nyama na mafuta yasiingie, yataita panya. Kamua konzi moja. Yakitoka matone mawili matatu, unyevu unatosha. Geuza kila wiki. Chomeka nondo katikati kwa dakika 5. Ikitoka ya moto, lundo linafanya kazi. Likinuka, limelowa mno: ongeza makavu. Likibaki baridi, ni kavu au ni dogo. Baada ya miezi 3 hivi iko tayari. Taka zinazobaki huwa kavu na chache, na mwenye mkokoteni hana sababu ya kukutoza bei ya gunia tatu.

Pampasi hazichomeki vizuri kwa sababu zimejaa maji. Kama gari la taka halifiki, zifukie mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na chini ya shimo pasikaribie maji ya ardhini.

Sasa majivu ya zamani. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2005 vilionyesha kuwa mayai ya kuku wa kienyeji kutoka karibu na jaa la Dandora, Nairobi, yalikuwa na dioksini zaidi ya mara 6 ya kikomo cha Umoja wa Ulaya cha wakati huo. Kwa hiyo kuacha kuchoma leo hakutoshi. Dioksini hukaa kwenye udongo kwa miaka mingi. Nyunyizia majivu maji kidogo yasipeperuke, funika pua na mdomo, yachote pamoja na udongo wa juu, yafukie kwa kina mbali na kisima, kisha weka udongo safi na uzungushie wavu kuku wasifike. Usiyapeleke bustanini. Mboga nyingi hazinyonyi dioksini kwa wingi kupitia mizizi, tatizo lao ni vumbi linaloganda juu, lakini jamii ya maboga hunyonya. Kwa hiyo mboga ya maboga isipandwe hapo, hata kama ardhi inaonekana imenona.

Na ile tabia ya kuwashia jiko la mkaa kwa kipande cha waya wa umeme au plastiki: tumia vijiti vikavu au magunzi ya mahindi. Masizi ya jikoni hayaendi mbali na sufuria.