Mipangilio ya Kupanga Msimbo Ikae Ndani ya Mradi

Programu ya kupanga msimbo kiotomatiki, kama vile Prettier kwa JavaScript au Black kwa Python, husoma faili nzima, huelewa muundo wake, kisha huiandika upya, mara nyingi bila kujali jinsi mwandishi alivyokata mistari. Prettier hulenga mistari isiyozidi herufi 80, ilhali Black huruhusu 88. Nguvu hiyo ndiyo inayonifanya nisisitize kwamba mipangilio yake ikae ndani ya mradi, wala si kwenye kompyuta ya kila mtu peke yake.

Mfano ni koma ya mwisho. Tangu toleo la 3 la mwaka 2023, Prettier huiweka hata baada ya hoja ya mwisho ya funksheni iliyogawanywa katika mistari kadhaa, jambo ambalo toleo la 2 halikulifanya lisipoagizwa. Mwenye toleo la zamani na mwenye jipya wakihariri faili moja, mmoja ataongeza koma na mwingine ataziondoa, na anayekagua kazi yao atahangaika kutafuta badiliko lenye maana.

Kwa hiyo mimi huanza na amri hii ya npm, kisakinishi cha vifurushi vya JavaScript, inayosakinisha Prettier na kuufunga mradi kwenye toleo moja kamili:

npm install --save-dev --save-exact prettier

Kisha huongeza .prettierrc, faili ya mipangilio ya Prettier, hata ikiwa tupu, na katika .vscode/settings.json, faili ya mipangilio ya kihariri cha VS Code, huandika:

{
  "editor.formatOnSave": true,
  "editor.defaultFormatter": "esbenp.prettier-vscode"
}

Mstari wa pili usiachwe, kwa kuwa kihariri chenye vipangaji zaidi ya kimoja huhitaji kuambiwa kipi kitumike. Kiendelezi chenyewe cha Prettier kwa VS Code (esbenp.prettier-vscode) hutumia toleo lililomo ndani ya mradi likiwapo.

Mradi wa zamani unahitaji uangalifu zaidi. Kupanga faili zote kwa mara ya kwanza kuwe komiti (badiliko moja lililohifadhiwa katika Git, programu ya kutunza historia ya msimbo) ya peke yake, isiyochanganywa na marekebisho mengine yoyote, na namba yake ya utambulisho iandikwe katika .git-blame-ignore-revs. Tangu toleo la 2.23 la mwaka 2019, Git inaweza kuiruka komiti hiyo inapotafuta aliyeandika mstari fulani, ilimradi kila mtu awe ameagiza hivi:

git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs

Historia ya msimbo ni mali ya timu nzima, nami naona ni kosa kubwa kuifunika kwa sababu ya nafasi tupu na alama za nukuu.

Hatimaye, seva inayopima msimbo iendeshe npx prettier . --check, ili asiyetumia kihariri hiki naye afuate utaratibu uleule.