Elgon na buti za mpira

Niseme mapema ili mtu asije akanishika baadaye: Wagagai, kilele cha Mlima Elgon, sijafika. Zile mita 4,321 nawaachia wenye magoti. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Mbale, Uganda, nina miaka arobaini na sita, na mlima nimeupanda mara mbili. Mara ya kwanza ni aibu. Ya pili ndiyo imenifanya niandike.

Aliyeniponza ni mwenzangu wa shuleni, mwalimu wa michezo. "Dada, kama hujapanda ngazi za Mudangi, hujapanda Elgon." Njia inayoitwa Sasa, akasema, inaanzia Budadiri, si mbali na hapa, na ndiyo fupi. Fupi ni kweli. Hakunieleza kuwa ni fupi kwa sababu inakwenda juu kama moshi: siku ya kwanza peke yake unapanda zaidi ya mita 1,600. Akaniambia twende mwezi wa tano, shule zikifungwa. Akaniuzia na viatu vyake vya ngozi vya mlimani, namba 39. Mimi navaa 40. "Vitajivuta," akasema.

Havikujivuta. Tulipopita migomba na mibuni ya watu, watoto wakitupungia mikono, tayari kidole gumba kilikuwa kinaongea peke yake. Halafu ikaja mvua. Udongo wa kule ukilowa unakuwa sabuni. Hatua mbili mbele, moja nyuma, na mara nyingine zote tatu nyuma. Tulipofika chini ya ule ukuta wa mwamba wa Mudangi nikaangalia ngazi, ngazi nazo zikaniangalia. Nilipanda. Nilifika kama katikati, maji yananiingia shingoni na kutokea kwenye soksi, miguu ikaanza kucheza kama ya cherehani. Nikakumbatia ngazi, nikafumba macho, nikaanza kusoma kila dua ninayoijua, za Kiislamu na za Kikristo, maana nimesoma shule za wote.

Hapo ndipo nikasikia sauti juu yangu: "Mama, nipishe."

Alikuwa bibi wa Kigisu, miaka sabini hivi, pekupeku, ana furushi la malewa kichwani, yale machipukizi ya mianzi tunayoyakausha kwa moshi na kuyapika na karanga. Anashuka, tena kwa mkono mmoja. Ule mwingine ameshika furushi. Ilibidi nishuke mimi kwanza ili apite, na nilipogusa ardhi miguu ikakataa kabisa kurudi juu. Bibi akanitazama viatu, akacheka, akaenda zake. Mwalimu wa michezo aliendelea hadi kambini. Mimi nikarudi Budadiri na mpagazi mmoja, na kucha mbili zikadondoka baada ya wiki tatu.

Njia niliyoipata mwenyewe ni hii. Ukitoka Mbale unapanda teksi hadi Kapchorwa (watalii karibu wote wanashukia Sipi kwenye maporomoko, waache washuke), kisha unaendelea na barabara ya Suam, ile inayokwenda mpaka wa Kenya, hadi Kapkwata. Hapo inaanza njia ya Piswa. Ni ndefu kuliko Sasa, na kwa sababu ni ndefu haina haraka ya kukuua. Unaanza ukiwa juu tayari, ngazi hakuna, unapanda kidogo kidogo ndani ya msitu wa mipodo. Nilikwenda Januari, kiangazi, kabla shule hazijafunguliwa. Jambo jingine zuri, Wasebei, wenyeji wa huko, wengi wanasema Kiswahili kwa sababu ya mpaka, hivyo sikuhitaji mkalimani wa kunieleza kuwa nimechoka.

Viatu: buti za mpira. Zile za shambani, namba 41, na soksi mbili mbili za sufu za mitumba. Mgambo wa hifadhi alinicheka. Wapagazi hawakucheka, wote wawili walikuwa nazo. Kwenye tope la kivuli, ambalo halikauki hata Januari, nilipita katikati kama trekta huku kijana mmoja wa Kampala tuliyekutana naye akirukaruka kwenye mizizi kulinda viatu vyake vya dola. Huyo na mwenzake ndio wageni pekee tuliowaona siku zote nne.

Msitu wenyewe nisiuharibu kwa maneno mengi. Mipodo ni mirefu hadi unashika kofia ukitafuta kilele. Mbega wanakaa juu na mikia yao myeupe wakitukodolea macho kama wakaguzi wa shule, na hondohondo akiruka unasikia mabawa yake kabla hujamwona, kama mtu anayepasua kitambaa. Jihadhari na upupu pembeni mwa njia unapoenda kujisaidia. Sitaeleza zaidi.

Mpagazi mmoja alikuwa mzee wa Kibenet. Watu wake waliishi na kuchunga huko juu kabla haujaitwa msitu wa serikali. Mwaka 1983 zilitengwa hekta 6,000 za kuwahamishia, na miaka kumi baadaye mlima ukawa hifadhi ya taifa. Alikuwa akipita mahali anasema, "Hapa babu alikuwa na boma," halafu ananyamaza, anatengeneza mzigo. Mimi naona miti tu. Sikujua la kumjibu, nikamwambia pole, mzee.

Huyo mzee ndiye aliyeniokoa usiku. Nilikuwa nimeshauriwa (na nani? na yuleyule mwalimu wa michezo!) nibebe makaa na jiko dogo nilale nalo ndani ya hema. Mgambo alipoliona akalitoa nje mwenyewe. "Mwalimu, unataka tukubebe ukiwa maiti?" Moshi wa makaa ndani ya hema lililofungwa hauna mzaha. Basi nikakaa natetemeka, blanketi mbili, sweta mbili, na kofia ya kusuka. Mzee akaja akauliza, "Una kidumu?" Nilikuwa nacho cha lita tatu, kilichokuwa cha mafuta ya kupikia. Akakijaza maji ya moto kutoka kwenye sufuria ya chai, akakaza kifuniko, akakigeuza chini juu aone kama kinavuja, akakivisha soksi yangu. "Weka tumboni, siyo miguuni. Miguu itajipasha."

Jamani! Nililala kama mtoto aliyenyonya. Tatizo kidumu sikukiosha vizuri, na kilipopata moto kikaanza kunukia chapati. Saa tisa usiku nikasikia kitu kinakwaruza hema. Nikajua ni chui. Nikaita, "Afande! Afande!" Mgambo akaja mbio na tochi na bunduki. Panya wa msituni, mnene, anatafuta zilipo chapati. Afande hakuniambia neno, lakini asubuhi wapagazi wote wawili walikuwa wanasalimia, "Mwalimu, chui ameamkaje?" Na usiku uliofuata nani alikuja kuazima kidumu? Afande. Osheni kwa sabuni, lakini msikiache nyumbani.

Tulilala kambi ya Piswa usiku tatu. Siku ya pili hatukuhamisha kambi, tulikwenda juu na mfuko wa chakula tu, hadi miti ilipoisha na kufunguka uwanda wa nyasi za mashuke, lobelia na senesio, ile mimea mikubwa ya mlimani, zimesimama kama watu waliovaa makoti. Upepo, na kimya. Nilikula posho (ugali) baridi na maharage nikiwa nimekaa juu ya jiwe, saa nzima, hakuna aliyeniambia twende. Afande aliuliza kama nataka kufika kileleni, maana njia inaendelea. Nikamwambia kilele hakinidai.

Gharama? Malipo ya hifadhi, wapagazi, chakula, nauli, yote yalinigharimu kama laki sita za Uganda, labda saba ukihesabu mbuzi wa kuchoma wa Kapchorwa siku ya kurudi. Raia tunalipa kwa shilingi, beba kitambulisho.

Shule zilipofunguliwa mwalimu wa michezo akaniuliza mbele ya watu, "Ulifika juu?" Nikamwambia sikufika, ila kucha zote kumi ninazo. Viatu vyake viko chini ya meza yangu ofisini, nimevivaa siku moja tu. Namba 39. Anayevitaka aje, bei tutaelewana.