Siku moja maishani mwangu: Na kina mama wa Kilimanjaro kwenye magofu ya Roma

Saa 11:30 alfajiri

Kengele ya simu haijalia bado, lakini kundi letu la WhatsApp limeshaamka. "Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu, leo tunavaa viatu gani?" Najibu: milele amina, vaeni raba. Asiye na raba avae chochote kisicho na kisigino. Jana ilikuwa siku ya makanisa na sakafu za marumaru. Leo ni mawe mtupu.

Mimi ni mkalimani na msindikizaji wa mahujaji hapa Roma. Anayeeleza ndani ya magofu ni kiongozi mwenye leseni, mama wa Kirumi anayekwenda kwa kasi ya cherehani. Mimi namfuata nyuma na Kiswahili, nashika tiketi na kuhesabu vichwa. Kundi la wiki hii ni kina mama 22 kutoka Rombo na Marangu pamoja na padre wao. Tumefikia kwa masista, karibu na Basilika ya Lateran.

Saa 1:45 asubuhi

Misa imekwisha, chai imenyweka, ingawa wamenung'unika kwamba haina tangawizi. Tunakatiza uwanja wa Lateran chini ya mnara wa jiwe moja wenye urefu wa mita 32. Nawaambia umetoka Karnak, Misri, ulichongwa zaidi ya miaka 3,400 iliyopita na ulifika Roma mwaka 357.

"Kwa meli?"

Kwa meli, mama.

"Kumbe walianza zamani kubeba vya Afrika." Padre anacheka kuliko wote.

Tunateremka kwa miguu barabara ya San Giovanni in Laterano. Mwishoni kabisa, kushoto kuna maduka na kulia kuna shimo refu lenye kuta za matofali: Ludus Magnus, kambi walikofanyia mazoezi wapiganaji wa uwanjani. Watalii wengi huipita bila kugeuza shingo kwa sababu Colosseum yenyewe, uwanja mkuu wa michezo wa Roma ya kale, imeshaonekana mbele. Na kina mama wangu nao wameshatoa simu.

Saa 2:30 asubuhi

Tiketi za Colosseum zina jina la kila mtu na mlangoni wanatazama pasipoti. Majina niliyalinganisha mapema, maana mama wa Kitanzania anaweza kuwa na jina la ubatizo, la baba na la mume, na hapa wanataka lile la pasipoti tu. Tunapita wote.

Kiongozi anaanza. Ujenzi ulianza chini ya Kaisari Vespasian, na mwanawe Titus akauzindua uwanja mwaka 80. Watazamaji wapatao 50,000. Mawe ya nje yalitoka machimbo ya Tivoli. Chini ya sakafu kulikuwa na vyumba na lifti za kamba zilizosukumwa na watumwa ili kumpandisha simba aibuke katikati ya uwanja. Nimetafsiri maneno haya mara nyingi kiasi kwamba midomo inakwenda yenyewe. Kilichokuwa kipya leo ni maswali.

"Nani alilipa?" anauliza mama mmoja mwekahazina wa jumuiya, na sauti yake ni ya mtu aliyezoea kudai risiti.

Kiongozi anasema: nyara za vita. Majeshi ya Titus yaliteka Yerusalemu mwaka 70 na kuliteketeza Hekalu, na mali ile ndiyo iliyojenga hapa. Nikimaliza kutafsiri, kundi zima linakaa kimya. Kisha mmoja anasema polepole, "Halitasalia jiwe juu ya jiwe." Wengine wanaitikia kwa kichwa. Hilo sikuhitaji kulifafanua.

Swali la pili: sisi wanawake tungekaa wapi? Kiongozi anaonyesha kwa kidole kule juu kabisa, safu za mwisho, kwenye viti vya mbao. Kaisari Augusto alikuwa ameshaweka utaratibu kwamba wanawake wakae nyuma ya kila mtu. "Basi tungebaki nyumbani tukapalilia migomba," anasema mama wa Marangu.

Swali la tatu ni la matundu, maana ukuta wote umetobolewatobolewa. Mawe haya yalishikanishwa kwa vibanio vya chuma, na karne za baadaye watu walichimba ukuta kuving'oa. Upande wa kusini ukaporomoka kwa tetemeko la mwaka 1349, na mawe yake yakaenda kujenga majumba na makanisa. Wauza vyuma chakavu hawakuanzia kwetu.

Saa 5 asubuhi

Tunaingia Forum, uwanja mkuu wa mji wa kale, kupitia Tao la Titus. Kwa ndani, ukutani, wamechongwa askari wakibeba kinara cha taa saba cha Hekalu. Mama mwekahazina anakiangalia muda mrefu, kisha anapiga picha moja tu. Risiti yake ameipata.

Via Sacra, barabara kuu ya Forum, imetandikwa mawe meusi ya volkano, makubwa na yenye migongo, na hapo magoti yanaanza kulalamika. Tunakwenda kwa vituo. Mahali pa kwanza ni hekalu la Kaisari Antoninus na mkewe Faustina, ambalo lina kanisa ndani yake, na mlango wa kanisa unaning'inia juu angani, hakuna ngazi ya kuufikia. Kina mama wanadhani fundi alikosea. La hasha: mlango huo ulipowekwa, ardhi ilikuwa kwenye kizingiti chake. Forum ilikuwa imefukiwa na kifusi, na Warumi wenyewe wakapaita Campo Vaccino, yaani uwanja wa ng'ombe. Mnada ulikuwa unafanyika juu ya vichwa vya makaisari. Maelezo haya huwaingia watu wa vijijini mara moja, kuliko wasomi wanaotaka kwanza ramani.

Mbele kidogo ni Curia, jumba la Seneti. Milango yake ya asili ya shaba haipo hapa. Ilihamishiwa Lateran katika karne ya 17. "Ile ya jana?" Ndiyo, ile kubwa ya katikati, mliyoegemea mkipiga picha.

Halafu tunafika kwenye mabaki ya hekalu la Julius Caesar, tuta la mawe chini ya paa dogo, mahali mwili wake ulipochomwa mwaka 44 KK. Watu bado huacha maua. Mmoja wa kina mama ni mwalimu mstaafu, na tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, iliyotoka 1963, aliifundisha kidato baada ya kidato. Anaweka mkoba chini, anasimama wima, anaghani hotuba ya Antonio kwa Kiswahili mbele ya lile tuta. Kiongozi wetu, ambaye siku zote ana haraka, ananyamaza mpaka mwisho. Watalii wa Kijapani wanapiga makofi. Tao la Septimius Severus, Kaisari mzaliwa wa Leptis Magna huko Libya, tumelipita mbio baada ya hapo kwa sababu jua limepamba moto.

Saa 7 mchana

Pizza za vipande, mayai ya kuchemsha kutoka kwa masista, na maji ya bomba la mtaani. Mabomba haya ya chuma yanatiririka usiku na mchana bila koki, na maji ni ya bure. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia kitundu ukayanywa bila kikombe. "Hayafungwi?" Hayafungwi. Wanatazamana. Hapo ndipo nilipojua alasiri itakuwa nzuri.

Saa 9:30 alasiri

Kituo cha metro cha San Giovanni. Kabla ya kupanda treni ya mstari A napitisha kundi upande wa mstari C, kwa sababu kituo kile kinaonyesha kilichofukuliwa kilipochimbwa: shamba la Kirumi lenye bwawa kubwa la kuhifadhia maji, na hata kokwa za matunda ya pichi. "Nduwa!" anasema mama wa Marangu mara tu anaposikia habari ya bwawa. Kwao nduwa ni bwawa linalokusanya maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, usiku ili yamwagilie mchana.

Tunashuka Giulio Agricola na kutembea hadi kwenye bustani ya mifereji ya kale ya maji iliyojengwa juu ya matao. Hakuna tiketi, hakuna foleni, hakuna kiongozi. Kuna nyasi, mbwa, vijana wanaokimbia, na matao ya Aqua Claudia yanayofika karibu mita 28, yakipita shambani kuelekea mjini. Mfereji huo ulianzwa na Kaisari Caligula mwaka 38, ukamalizwa mwaka 52 na Claudius, yule Klaudio wa Matendo ya Mitume. Maji yalitoka bonde la mto Aniene, mwendo wa karibu kilomita 69, sehemu kubwa chini ya ardhi. Matao mengi yalihitajika mji ulipokaribia na nchi kuwa tambarare.

Hapa mimi ndiye niliyegeuka mwanafunzi. Watu waliokulia kwenye mifongo ya Kilimanjaro hawahitaji kuambiwa kazi ya mteremko. Wamekwenda moja kwa moja palipovunjika, wakaona vijia viwili vya maji, kimoja juu ya kingine (cha juu ni cha mfereji mwingine, Anio Novus), wakaanza kubishana kwa Kichagga kuhusu unene wa utando wa chokaa ulioachwa na maji. Kisha maswali: nani alisafisha? Nani aligawa zamu? Mwizi wa maji alifanywaje?

Haya hayaulizwi Colosseum. Bahati nzuri majibu yapo, kwa sababu Frontinus, aliyekabidhiwa maji ya Roma mwaka 97, aliandika yote. Alikuwa na watumwa 700 wa matengenezo. Aliyetaka maji nyumbani aliomba kibali cha Kaisari, na bomba lake lilipaswa kuwa na kipimo kilichopigwa mhuri. Na wizi? Mafundi wenyewe waliweka mabomba mapana kuliko kibali, na chini ya barabara walitoboa mabomba makuu wakauza maji kwa siri.

Kicheko kilichofuata kiliwashtua mbwa. "Andika jina la huyo bwana," mwekahazina akaniamuru. "Mwenyekiti wetu wa mfongo lazima alisikie." Akamrekodia ujumbe wa sauti palepale, dakika nzima, mgongo kwa matao.

Padre naye akauliza yaliharibikaje. Wagothi, kabila la Kijerumani, walipouzingira mji mwaka 537 waliikata mifereji.

"Hata kwetu," akasema mama wa Rombo, "mtu akitaka kukukomoa anaanzia juu kwenye mfongo."

Saa 1:30 usiku

Tambi tena kwa masista. Vichwa 22, na padre. Wawili wanaomba dawa ya kuchua magoti, na mwalimu mstaafu amelala kwenye kiti.

Kesho ni Jumatano, tunakwenda kumsikiliza Baba Mtakatifu, kwa hiyo saa 12 kamili wote mlangoni. Natuma ujumbe kwenye kundi. Jibu la kwanza halihusu muda. Mama wa Rombo anataka kujua kama zile chemchemi mbili za uwanja wa Mtakatifu Petro nazo zina mfongo wake. Namwandikia: zililishwa na maji ya Acqua Paola, ambayo Papa Paulo wa Tano aliyafikisha mjini mwanzoni mwa karne ya 17 kwa kufufua mfereji wa Kaisari Trajan. Ameweka kidole gumba, halafu akauliza nani alilipa.