Nilivyoibana zana iliyosema kila ripo ni safi

Kuna zana ndogo ya terminali niliyoirithi kazini: unaipa folda, inapita kila ripo iliyomo (folda ya mradi ambayo Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya faili, inaitunzia historia) na kukuonyesha ipi ina mabadiliko ambayo hayajakomitiwa (hayajaingizwa kwenye historia hiyo) na ipi haijasukumwa kwenye seva. Ripo zikishakuwa nyingi, kazi hiyo haifanyiki kwa mkono. Ila zana yenyewe ilikuwa na vituko viwili: mara ikwame katikati bila kusema neno, mara idanganye.

Nilianza na uongo, maana kukwama angalau unakuona. Niliongeza mstari kwenye README ya ripo moja, nikaiendesha zana. Jibu: safi, tena kwa kijani. Nikaingia kwenye folda ile na kuandika mwenyewe `git status`, amri ya kuonyesha hali ya ripo. Git ikafoka: `fatal: detected dubious ownership in repository`, yaani umiliki wa ripo una mashaka. Folda ilikuwa imerejeshwa kutoka nakala ya akiba kwa sudo (amri ya kutumia mamlaka ya msimamizi), kwa hiyo mmiliki wake alikuwa root, msimamizi mkuu wa mfumo, si mimi. Tangu toleo la 2.35.2, Aprili 2022, Git hugoma ikikuta ripo ni ya mtumiaji mwingine, na ina sababu: faili la mipangilio ndani ya `.git` linaweza kutaja programu, nayo ikaendeshwa kwa jina lako.

Sasa "safi" ilitoka wapi? Nikafungua skripti. Iliita `git status --porcelain 2>/dev/null`, kisha ikaangalia kama kuna maandishi yaliyorudi. Hayapo? Basi safi. Ujumbe wa kosa ulikuwa umetupwa, na msimbo wa kutoka (namba ambayo programu huiacha ikimaliza, sifuri ikiwa mambo yamekwenda sawa), 128, haukuangaliwa na yeyote. Kwa mtindo huo hata ripo iliyooza kabisa inapata kijani. Nikaibadilisha ianze na msimbo wa kutoka: usipokuwa sifuri, iandike "imeshindikana" pamoja na maneno ya Git yenyewe. Kuiendesha tena, skrini ikajaa wekundu, na wekundu ule ulinifurahisha kuliko kijani cha mwanzo.

Umiliki niliurekebisha kwa `chown`, amri ya kubadilisha mmiliki. Wengi watakushauri uweke `safe.directory`, orodha ya folda ambazo Git iziamini, iwe `*`, yaani zote, uendelee na shughuli zako. Siupendi ushauri huo. Ni kung'oa komeo kwa sababu ufunguo umekusumbua.

Kukwama nako: nilifungua terminali ya pili wakati imeganda, nikaandika `ps -ef` kuona programu zinazoendeshwa. Chini ya `git fetch`, amri ya kuleta mabadiliko kutoka kwenye seva, palikuwa na `git-remote-https`, msaidizi wake wa mtandao, hai lakini haifanyi chochote. Ilikuwa inasubiri jina la mtumiaji! Git huuliza moja kwa moja kupitia `/dev/tty`, yaani terminali yenyewe, na mstari wa maendeleo wa zana ulikuwa unalifuta swali hilo papo hapo. Ili isiulize tena, niliweka `GIT_TERMINAL_PROMPT=0`, na kwa upande wa SSH, njia nyingine ya kuunganika na seva, `GIT_SSH_COMMAND="ssh -o BatchMode=yes"`. Siku hizi ikikosa kibali inaanguka mara moja na kusema.

Miunganisho ya wakati mmoja nikaipunguza hadi 4, kwani sshd, programu inayopokea wageni wa SSH kwenye seva, kwa kawaida huanza kukataa baadhi ya wageni wakifika 10 ambao hawajathibitishwa.

Ikabaki ripo moja isiyoonekana kabisa kwenye orodha. Ilikuwa worktree, yaani folda ya ziada ya kufanyia kazi iliyounganishwa na ripo nyingine, ambamo `.git` ni faili la mstari mmoja, na skripti ilitafuta folda tu kwa `-type d`. Nilipoliondoa sharti hilo, moduli ndogo (ripo zilizowekwa ndani ya ripo nyingine) nazo zikajitokeza na orodha ikarefuka. Bado sijaamua kama nazitaka humo.